Dakika 23 za kufuta, siku 14 za kurudisha: rekodi za Sydney na udhaifu wa lugha za skripti

Muulize kijana yeyote wa kompyuta pale Kijitonyama ubaya wa lugha za skripti, na jibu la kwanza litakuwa mwendo: Python inakwenda polepole, JavaScript inakula kumbukumbu, kazi ya maana iandikwe kwa C. Jibu hilo si la uongo. Lakini ukikusanya rekodi za mji mmoja tu, Sydney wa Australia, unagundua kwamba mwendo wa pole ndiyo kasoro iliyogharimu kidogo kuliko zote. Hasara kubwa zilitoka kwingine: skripti hutekeleza ilichoandikiwa papo hapo, bila kukaguliwa njiani, na kwa mamlaka yote iliyopewa.

Kwa lugha ya skripti nina maana ya Python, JavaScript, Bash, PHP na wenzao, ambazo msimbo wake husomwa na kutekelezwa moja kwa moja. Hakuna kompaila inayoupitia wote kwanza na kugoma pale namba inapopewa kazi ya jina. Kosa la aina hiyo hujitokeza mstari wenyewe unapofikiwa, hata kama ni usiku wa manane na wateja wako hewani. Faida yake kila mtu anaijua: unaandika asubuhi, mchana kazi inakwenda. Sydney inafaa kwa hesabu ya gharama kwa sababu kampuni zake mbili kubwa, Atlassian na Canva, zilichapisha zenyewe ripoti za ajali zao, zikiwa na saa na dakika. Wengi wetu tunaishia kuambiwa kwamba mtandao ulisumbua.

Ajali ndefu kuliko zote

Atlassian ilianzishwa Sydney mwaka 2002 na Mike Cannon-Brookes na Scott Farquhar. Programu zake, Jira na Confluence, ndizo timu nyingi za teknolojia duniani hutumia kugawana kazi na kutunza kumbukumbu, na kufikia mwaka 2022 ilikuwa na wateja zaidi ya 200,000.

Jumanne tarehe 5 Aprili mwaka huo kulikuwa na kazi ndogo ya usafi. Programu ya nyongeza iliyoitwa Insight ilikuwa imeshaingizwa ndani ya bidhaa nyingine, kwa hiyo ile ya zamani ilitakiwa iondolewe kwa wateja waliokuwa nayo. Timu moja iliomba kazi, timu nyingine ikaendesha skripti. Katika makabidhiano, namba za utambulisho zilizotolewa hazikuwa za programu ya nyongeza bali za tovuti nzima za wateja. Skripti yenyewe ilijua kufuta kwa namna mbili: kwa muda, ambako kitu kinaweza kurudishwa, na moja kwa moja, kwa ajili ya wateja ambao sheria inataka data zao ziondolewe kabisa. Ikaendeshwa kwa namna ya pili. Kuanzia saa 4:38 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, wakati Sydney ni saa 11:38 jioni, hadi saa 5:01, tovuti 883 za wateja 775 zilifutwa. Dakika 23.

Kurudisha kulichukua hadi tarehe 18 Aprili kwa wateja wa mwisho. Nakala rudufu zilikuwepo, lakini utaratibu wa kuzitumia ulikuwa wa kurudisha kila kitu kwa mpigo, si kuchomoa mamia ya wateja waliohifadhiwa pamoja na wengine ambao kazi zao zilikuwa zinaendelea. Kila tovuti ilihitaji hatua zipatazo 70. Mwanzoni kuikamilisha tovuti kulichukua karibu saa 48. Wahandisi walipobuni njia ya pili, muda ukashuka hadi kama saa 12. Na kulikuwa na kichekesho kichungu: anwani za mawasiliano za wateja zilifutwa pamoja na tovuti zao, na fomu ya kuomba msaada ilidai utambulisho wa tovuti ambayo haikuwepo tena. Kampuni haikujua impigie nani, na mteja hakuwa na mahali pa kulalamikia.

Je, lugha ndiyo ya kulaumiwa? Nusu. Skripti ilipitiwa na wahandisi wengine kabla ya kuendeshwa, lakini waliangalia amri inayoitwa, hawakuangalia namba zinazopelekwa. Mfumo uliopokea amri ulikubali namba za tovuti na za programu ya nyongeza bila kuuliza ni ipi. Hapo ndipo tabia ya skripti inapoingia: kwake namba zote mbili ni maandishi tu. Lugha yenye aina kali za data ingewawezesha waandishi kuzitenganisha tangu mwanzo, na kompaila ingekataa moja kuketi mahali pa nyingine. Ingewawezesha, isingewalazimisha. Orodha iliyosomwa kutoka kwenye faili huingia kama maandishi katika lugha yoyote, na Java inaweza kufuta kwa upofu uleule. Dawa iliyochaguliwa na Atlassian haikugusa lugha kabisa: walianza kujenga kanuni kwamba kila ufutaji uwe wa muda kwanza. Naona walichagua vizuri.

Uchaguzi mkubwa zaidi, na mistari ya mgeni

Sydney ni makao makuu ya jimbo la New South Wales, na uchaguzi wa jimbo hilo wa tarehe 28 Machi 2015 uliweka rekodi iliyosahaulika upesi mno. Kupitia mfumo wa iVote, kura zipatazo 280,000 zilipigwa kwa njia ya mtandao. Watafiti waliouchunguza, J. Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Michigan na Vanessa Teague wa Chuo Kikuu cha Melbourne, waliuita utumiaji mkubwa zaidi wa kura za mtandaoni uliowahi kufanyika duniani hadi wakati huo.

Walichokikuta kilikuwa kidogo kwa umbo na kikubwa kwa maana. Kura ilisimbwa ndani ya kivinjari cha mpiga kura, kwa JavaScript, kabla ya kutumwa. Seva ya kupigia kura ilikuwa imefungwa vizuri. Lakini ukurasa uleule uliagiza skripti moja kutoka seva ya kampuni nyingine, ya kukusanya takwimu za wageni wa tovuti, na seva hiyo ya pili ilikuwa bado inakubali funguo dhaifu za miaka ya 1990. Udhaifu huo, uliopewa jina la FREAK, ulikuwa umetangazwa hadharani wiki chache tu nyuma. Mtu aliyekaa kati ya mpiga kura na seva ile, tuseme anayesimamia Wi-Fi ya mkahawa, angeweza kubadilisha skripti ya takwimu na kuweka yake. Watafiti walionyesha kwenye seva ya mazoezi kwamba skripti hiyo ingeweza kuisoma kura na kuibadili kabla haijasimbwa, huku skrini ikimwonyesha mpiga kura chaguo lake mwenyewe. Hawakudai kwamba kura yoyote iliibwa. Walichosema ni kwamba ingewezekana, na kwamba hadi skripti ile inaondolewa, kura kama 66,000 zilikuwa zimeshapigwa.

Hii kwangu ndiyo kasoro kubwa kuliko zote katika orodha, na haitibiki kwa kompyuta yenye kasi zaidi. Katika ukurasa wa wavuti, skripti zote zinaishi katika ulimwengu mmoja. Ile ya kuhesabu wageni ina uwezo uleule wa ile ya kusimba kura. Inaweza kusoma ilichoandika mwenzake na hata kuandika upya kazi ambazo mwenzake anazitegemea, maana JavaScript inaruhusu karibu kila kitu kibadilishwe wakati programu inaendelea. Siku hizi zipo njia za kupunguza hatari, kama kukiambia kivinjari kikatae skripti ambayo alama yake imebadilika, lakini ni nyongeza ya hiari na wengi hawaiweki. Fungua ukurasa wa malipo wa huduma yoyote unayoitumia, hapa kwetu au ng'ambo, uhesabu unaagiza skripti kutoka seva za wangapi. Kila mmoja wao amepewa funguo zote.

iVote yenyewe ilisimamishwa baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Desemba 2021, iliposhindwa kuhimili idadi ya wapiga kura, na Mahakama Kuu ya jimbo ikabatilisha matokeo ya Kempsey, Singleton na kata A ya Shellharbour. Balaa hilo la pili halikuletwa na skripti. Nalitaja ili yasichanganywe.

Umati mkubwa zaidi uliosubiri faili moja

Tarehe 12 Novemba 2024 Canva, kampuni nyingine ya Sydney, ilitoa toleo jipya la ukurasa wake wa kuchora. Toleo jipya maana yake ni faili mpya za JavaScript, ambazo lazima zisafiri hadi kwenye kivinjari cha kila mtumiaji kabla hajaona chochote. Hitilafu ya njia katika mtandao wa Cloudflare, kampuni iliyoisambazia Canva faili hizo, kati ya Singapore na Ashburn huko Marekani, ikaichelewesha faili moja. Watumiaji wa Asia wakabaki wanaitazama skrini inayozunguka. Faili ilipofika mwishowe, maombi zaidi ya 270,000 yaliyokuwa yakiisubiri yalikamilika kwa wakati mmoja, kurasa zote zikaamka pamoja na kuanza kudai data. Seva za kupokea maombi zikapigwa na maombi milioni 1.5 kwa sekunde, karibu mara tatu ya kilele cha kawaida, zikaanguka. Huduma ilikatika tangu saa 6:08 mchana kwa saa zetu hadi karibu saa 7. Ili wapumue, wahandisi walizuia watumiaji wote kabisa, kisha wakaanza kuwaruhusu kidogokidogo, wakianzia na wa Australia.

Ripoti ya Canva haikujificha: seva zenyewe zilikuwa na tatizo lao la kugombania rasilimali katika sehemu ya kukusanya vipimo, na hizo haziendeshwi kwa skripti. Hata hivyo mbegu ya ajali ni hulka ya JavaScript ya kivinjari. Programu iliyosakinishwa kwenye simu ipo tayari; skripti husafirishwa upya kila inapobadilika, na njia ikiziba hakuna anayefanya kazi. Msomaji anayenunua bando la siku anaijua gharama hii kwa upande wa pili, kwa sababu ndiye anayelipia usafiri huo.

Ukurasa uliotanua mipaka, na waliochoka kuuandika

Ramani za Google zilianzia Sydney, katika kampuni ndogo iliyoitwa Where 2 Technologies, ya ndugu wawili Lars na Jens Rasmussen pamoja na Noel Gordon na Stephen Ma. Programu yao ya kwanza iliandikwa kwa C++, ya kusakinishwa kwenye kompyuta. Google ilipowanunua mwaka 2004 ilitaka kitu cha kufunguka kwenye kivinjari, na tarehe 8 Februari 2005 dunia ikaona ramani inayovutwa kwa kipanya bila ukurasa kujipakia upya. JavaScript, lugha ambayo Brendan Eich aliitunga kwa siku 10 mwezi Mei 1995, haikuwahi kubebeshwa mzigo kama huo mbele ya watu wengi kiasi hicho.

Ndugu haohao wakiwa bado Sydney walijenga Google Wave, programu ya mawasiliano na kazi za pamoja iliyotangazwa Mei 2009. Safari hii hawakuiandika JavaScript kwa mkono. Waliandika Java, na zana ya Google ikaigeuza kuwa JavaScript. Sijui ushahidi mzito zaidi dhidi ya lugha hiyo kwa miradi mikubwa: watu walioionyesha dunia nguvu zake, walipopata timu kubwa na msimbo mrefu, walitaka kompaila iwasimamie. Wave haikuokoka hata hivyo. Kwenye vivinjari vya wakati ule ilikuwa nzito, na Agosti 2010 Google ikasitisha kazi yake.

Zipo rekodi nyingine ambazo hazikuzaliwa Sydney ila zinagusa kila anayeandika skripti popote. Namba kamili kubwa zaidi ambayo JavaScript huihesabu kwa uhakika katika aina yake ya kawaida ya namba ni 9,007,199,254,740,991. Ukivuka hapo tarakimu za mwisho huanza kudanganya, ndiyo maana mwaka 2010 Twitter ililazimika kutoa namba za ujumbe kama maandishi pia. Skripti fupi zaidi kuangusha miradi mingi ni left-pad, mistari 11 ya kujaza nafasi mbele ya neno, ambayo mwandishi wake aliiondoa kwenye npm, hifadhi ya pamoja ya msimbo wa JavaScript, mwezi Machi 2016 na programu duniani kote zikashindwa kujengeka. Kwaheri ndefu zaidi ni ya Python 2: toleo la 3 lilitoka Desemba 2008, na la 2 likazikwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, baada ya siku ya maziko kusogezwa mbele miaka mitano. Na kwa wanaodhani aina za data zingeponya kila kitu, utafiti wa mwaka 2017 uliochunguza makosa yaliyokwisha kurekebishwa katika miradi ya JavaScript uligundua kwamba TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa aina za data, ingeyakamata kama asilimia 15. Ni nyingi kwa bei ya kuandika maneno machache zaidi, si ulinzi.

Kongwe zaidi

Katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney, mwalimu John Lions alikamilisha mwaka 1976 ufafanuzi wa msimbo wa mfumo endeshi wa Unix, toleo la 6, mstari kwa mstari, kwa ajili ya wanafunzi wake. Leseni ya toleo la 7 ikakataza msimbo kufundishwa darasani, kwa hiyo kitabu kikazunguka dunia kwa fotokopi hadi kilipochapishwa rasmi mwaka 1996, miaka miwili kabla ya Lions kufariki. Husemwa kuwa ni miongoni mwa vitabu vya kompyuta vilivyonakiliwa zaidi katika historia.

Kitabu kinahusu kiini cha mfumo, lakini wanafunzi waliokisoma walikuwa wakitumia sheli ya toleo lilelile, na sheli hiyo ilikuwa lugha ya skripti iliyonyimwa karibu kila kitu. Haikuwa na vigeu vya kuvipa majina. Hata amri ya kuruka, goto, haikuwa sehemu ya lugha: ilikuwa programu ya pembeni iliyorudi mwanzo wa faili, ikasoma hadi kuikuta lebo, kisha ikaiachia sheli iendelee kutoka hapo. Sheli ya Bourne ya mwaka 1979 iliondoa dhiki nyingi za namna hiyo. Haikuondoa moja, kwamba kila kitu ni maandishi. Jina la faili lenye nafasi katikati bado huvunja skripti za watu wazima. Bash, mrithi wake, ilibeba tangu 1989 kosa la kutekeleza amri zilizofichwa ndani ya kigeu cha mazingira, na halikutangazwa hadi Septemba 2014 kwa jina la Shellshock. Robo karne, kwenye seva zisizohesabika, na hakuna aliyeshtuka. Maandishi yaliyochukuliwa kuwa amri mwaka 2014 na namba za tovuti zilizochukuliwa kuwa za programu ya nyongeza mwaka 2022 ni jamaa wa damu.

Ya polepole zaidi

Sasa mwendo wenyewe. Mwaka 2020 Charles Leiserson wa MIT na wenzake walichapisha katika jarida la Science jaribio la kuzidisha matriki mbili zenye safu na nguzo 4,096. Python ilichukua sekunde 25,552, yaani takriban saa saba. Java ilichukua 2,372, C ikachukua 542. Baada ya kugawa kazi kwa viini vyote vya kompyuta na kutumia kumbukumbu kwa akili, ikamalizika kwa sekunde 0.41. Tofauti kati ya mwanzo na mwisho ni zaidi ya mara 62,000, na tarakimu hiyo hupenda kutajwa vibarazani. Isomwe vizuri: kuhama kutoka Python kwenda C kulileta mara 47 tu. Sehemu kubwa iliyobaki ilitokana na kuitumia mashine ipasavyo, jambo ambalo C pia haikufanyii bila jasho. Python, kwa upande wake, kwa miaka mingi iliruhusu uzi mmoja tu kwa wakati kuendesha msimbo wake, na toleo lisilo na kufuli hilo lilianza kutolewa kwa majaribio mwezi Oktoba 2024, katika Python 3.13.

Wanaastronomia wa CSIRO, shirika la taifa la utafiti la Australia, ambao makao yao ya astronomia ya redio yako Marsfield, kitongoji cha Sydney, hawakungoja. Darubini yao ya ASKAP ina antena 36 katika jangwa la Australia Magharibi. Mwaka 2020 walitangaza ramani ya anga la kusini yenye galaksi zipatazo milioni tatu, iliyopigwa kwa saa 300 za kutazama. Msimbo unaochakata data zake umeandikwa kwa C++. Bash amepewa kazi ya nyapara: skripti zake huzipanga kazi kwenye foleni ya kompyuta kuu ya kituo cha Pawsey huko Perth, huita programu za C++ kwa zamu, hungoja zimalize, na zenyewe hazizidishi namba hata moja.